Mwezi Usioandama

Katika mikono ya mto Rufiji, kutoka Nyamisati mpaka Msala na Mbwera, hakuna mtu mzima asiyejua kuhesabu mwezi, kwa kuwa mwezi ndio unaomwambia mvuvi wa kamba lini bamvua litajaza mifereji ya mikoko na lini maji mafu yatamwachia mashua yake topeni, na ndio unaompa msafiri saa ya kuondoka asije akakwama njiani. Wanawake wa huko wana hesabu ya pili juu ya hiyo. Kwa kuwa wengi wao ni Waislamu waliofunzwa chuoni kwa madhehebu ya Imamu Shafii, wanajua tangu usichana kwamba hedhi ya kawaida ni siku 6 au 7, kwamba haizidi siku 15, na kwamba baina ya hedhi mbili sharti zipite siku 15 za tohara kwa uchache. Na kila ifikapo Shaabani hukumbushana juu ya siku za Ramadhani iliyopita ambazo hawakufunga na ambazo wanadaiwa. Mwanamke ambaye miaka mitatu mfululizo hana deni hilo, ilhali hakuwa mjamzito wala hakuwa akinyonyesha, anayo tayari mkononi habari ambayo tabibu angetaka kuisikia kabla ya nyingine zote: damu yake haiji kwa wakati, na yamkini yai lake halitoki.

Desturi ya pwani haimpi mwanamke huyo nafasi ya kulitafakari jambo lake kwa utulivu. Mke aliyeolewa Salale au Bungu huacha kuitwa kwa jina lake siku anapojifungua, akawa Mama Fulani mpaka mwisho wa umri wake, na yule ambaye hakujifungua hubaki na jina alilokuja nalo, ambalo kila akiitwa humtonesha. Mavyaa huanza kuuliza kwa mafumbo, mawifi huuliza bila mafumbo, na mwaka wa tatu au wa nne ukipita shauri la mke wa pili huzungumzwa barazani kwa sauti ya kawaida kabisa. Katika Tanzania, ambako uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke huzaa kwa wastani watoto 4.8, mtu aweza kudhani kwamba mashaka haya ni ya wachache mno. Walakini Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu 1 katika kila 6 duniani hukutwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake, na muradi wa matabibu kwa neno hilo ni kukaa miezi 12 au zaidi katika unyumba bila kinga na bila mimba. Kuanzia mwaka 1998 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Rufiji, wakiandika waliozaliwa na waliokufa, na kazi yao imeifaa sana nchi. Lakini daftari la namna hiyo kwa tabia yake humwandika aliyefika na aliyeondoka, na yule anayengojwa hana safu.

Ili tiba ifahamike, yapasa kwanza ifahamike kazi inayotibiwa. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, yapata milioni moja au mbili, katika ovari zake mbili zilizo ubavuni mwa mji wa uzazi, na katika umri wake wote yatakayopevuka na kutoka hayafiki hata 500. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi hutoa homoni kwa mapigo, pigo moja kila saa moja au saa moja na nusu katika nusu ya kwanza ya mwezi, na mapigo hayo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo hupeleka damuni homoni mbili: ya kwanza hukuza vijifuko ambamo mayai hukaa, na ya pili, inapopanda kwa ghafula, hukipasua kijifuko kilichowatangulia wenzake na kulitoa yai. Kijifuko kinapokua hutengeneza estrojeni, na kikiisha kupasuka hugeuka tezi ya muda itengenezayo projesteroni, ambayo huutayarisha ukuta wa kizazi upokee mimba. Mimba isipotunga, tezi hiyo hunywea baada ya majuma mawili hivi, projesteroni hushuka, na damu huja. Mwanamke ambaye yai lake halitoki naye aweza kuona damu, ila hiyo huja bila miadi, baada ya miezi miwili au mitano, mara kwa matone na mara kwa wingi wa kutisha, kwa sababu ukuta uliojengwa na estrojeni peke yake, bila projesteroni ya kuushikilia, huporomoka wakati wowote.

Kwamba yai hutangulia damu kwa siku 14 hivi, jambo hilo halikujulikana zamani. Mwaka 1924 tabibu wa Kijapani Kyusaku Ogino, na miaka michache baadaye Hermann Knaus wa Austria, kila mmoja pasipo kumtegemea mwenziwe, walionyesha kwamba siku ya yai huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka katika hedhi ijayo, wala haihesabiwi kwa kwenda mbele kutoka katika hedhi iliyopita. Tafauti hiyo yaonekana ndogo, lakini imewaponza wengi. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka yapata siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 40 yai lake hutoka yapata siku ya 26. Basi mwanamke wa pili akiambiwa na shoga yake kwamba siku ya 14 ndiyo siku ya kila mwanamke, yeye na mumewe watajitahidi mwaka mzima katika siku zisizo na yai, kisha waseme wamerogwa. Mzunguko wa mwanamke mzima huitwa wa kawaida ukiwa kati ya siku 21 na 35, ukihesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu hadi mkesha wa damu nyingine, na anayetaka kwenda kwa tabibu hana zawadi bora ya kumpelekea kuliko kijidaftari chenye tarehe hizo za miezi sita au zaidi.

Si kila mzunguko uliovurugika ni maradhi. Msichana aliyevunja ungo juzi, na mama aliyekaribia kukoma hedhi, wote wawili siku zao huruka kwa maumbile. Mama anyonyeshaye hukaa miezi mingi bila damu, na hiyo ni hisani ya Muumba. Aliyekuwa akichoma sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango asikate tamaa mapema, maana baada ya sindano ya mwisho rutuba yake huweza kuchelewa kurudi kwa miezi 9 au 10 kwa kawaida, na wengine zaidi. Nimewasikia wanawake wakisema sindano imewaua kizazi, ilhali kizazi chao kilikuwa kingali kinaamka. Wako pia ambao tezi ya shingoni imezidi au imepungua kazi yake, na wako ambao homoni ya maziwa hutoka kwa wingi bila ya mtoto wa kunyonyesha, hata wakikamua chuchu huona maziwa. Hawa hutibiwa sababu yenyewe, na yai hurejea bila dawa nyingine. Wako waliokonda kupita kiasi kwa njaa, kazi nzito au huzuni, ambao ubongo umezima mapigo yake ili kuuhifadhi mwili. Na wako, kwa bahati mbaya, ambao mayai yao yamekwisha kabla ya umri wa miaka 40, na hao dawa za kupevusha hazina la kuwafanyia, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kupevuka.

Lakini walio wengi kuliko hao wote ni wenye maradhi ya ovari zenye vijifuko vingi, ambayo hospitalini huitwa kwa herufi zake, PCOS. Yakadiriwa kwamba katika kila wanawake 100 wenye umri wa kuzaa, kati ya 8 na 13 wanayo, na wengi wao hawajui. Irving Stein na Michael Leventhal waliyaeleza huko Chicago mwaka 1935, kwa habari ya wanawake 7 waliokuwa hawapati hedhi, wenye ndevu au unene, na ovari zao zimevimba kwa vijifuko vidogo vidogo vilivyoanza kukua vikakwama. Leo twajua kwamba wengi wa wagonjwa hawa homoni za kiume zimewazidi kidogo, na kwamba insulini, ile homoni ya kuongoza sukari mwilini, hufanya kazi kwa uzito. Ndiyo maana kidevu huota nywele, chunusi haziishi, nyuma ya shingo pakafanya weusi wa mahameli, na mwili ukanenepa zaidi kiunoni. Sharti lisemwe hapa jambo ambalo halipendezi kusemwa pwani: sisi tumezoea kumweka mwali ndani, tukamlisha na kumsinga mpaka ang'ae, na unene wa mwanamke tunaupigia vigelegele, ila kwa mwenye maradhi haya, kupunguza sehemu 5 hadi 10 tu katika kila 100 za uzito wake huweza kuirudisha hedhi bila kidonge hata kimoja. Wali wa nazi wa kila siku na chai yenye sukari nyingi havina budi kupunguzwa. Walakini wako wenye PCOS ambao ni wembamba, na hao wasisumbuliwe kwa habari ya kupunguza uzito.

Kabla ya hospitali, aghalabu huja waganga. Husemwa ni chango la uzazi, mwanamke akapewa mizizi ya kuchemsha. Husemwa ni jini mahaba aliyemwoa usiku na kumwonea wivu mumewe, likapigiwa ngoma au kusomewa. Huandikwa kombe kwa zafarani, likaoshwa kwa marashi akanywa. Mwandishi wa maneno haya hana ugomvi na kombe, kwa kuwa kilichoandikwa ndani yake ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na mwenye huzuni hupata faraja. Ugomvi wake ni juu ya muda. Mayai ya mwanamke hupungua idadi na ubora kila mwaka, na baada ya umri wa miaka 35 hupungua kwa kasi, hata mke aliyeanza kutafuta mtoto akiwa na miaka 24, akazunguka kwa waganga miaka 12, hufika kwa tabibu akiwa na tatizo la pili ambalo hakwenda nalo mwanzo. Na dawa za kuingiza ukeni kwa jina la kusafisha kizazi ziepukwe kabisa, maana huleta uambukizo katika mahali palipokuwa salama.

Sasa tufike penye kosa lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kumpima mke peke yake. Ugumba una sehemu ya mume takriban katika nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, ama yeye peke yake ama yeye pamoja na mkewe, na kupima manii ni kipimo rahisi kisicho na maumivu kinachohitaji chombo safi, darubini na mtu aliyefunzwa. Lakini mwanamume wa kwetu huona kwamba kutakiwa kipimo hicho ni kutuhumiwa uanaume wake, akamtuma mkewe peke yake kliniki, naye mke akapewa vidonge, akavimeza mwaka mzima, na yai likapevuka kila mwezi likingoja mbegu zisizokuwapo. Katika Rufiji jambo hili lina uzito wake, kwa maana ugonjwa wa matende na busha umekaa katika bonde hili miaka mingi, na mwenye busha kubwa anastahili kuchunguzwa kama mkewe. Vilevile kichocho cha mkojo, kinachowapata wanaoshinda majini, huweza kwa mwanamke kuweka mayai ya minyoo katika shingo ya kizazi na mirija yake. Kati ya mwaka 1979 na 1984 Shirika la Afya Duniani lilichunguza ndoa zaidi ya 8,000 katika nchi 25, likaona kwamba Afrika kusini ya Sahara ilizidi mahali pengine pote kwa mirija iliyoziba kwa sababu ya uambukizo, kama vile kisonono kisichotibiwa, au homa baada ya uzazi na kuharibika kwa mimba. Yai lililopevushwa vizuri kwa dawa haliwezi kupita katika mrija ulioziba. Kwa hiyo tabibu mwangalifu, kabla ya kuandika cheti cha dawa, huuliza juu ya magonjwa hayo, hupima manii, na pale panaposhukiwa huagiza picha ya mirija kwa eksirei na dawa ya rangi.

Dawa ya kwanza ya kumeza iliyofanya kazi ya kupevusha yai ni klomifeni. Ilitengenezwa mwaka 1956 na mkemia Frank Palopoli katika kampuni ya Merrell, mjini Cincinnati, Marekani. Mwaka 1961 tabibu Robert Greenblatt wa Georgia alitangaza kwamba wanawake waliokuwa hawapevushi mayai walipevusha walipopewa. Na mwaka 1967 ikapata kibali cha serikali ya Marekani. Njia yake ni hila. Klomifeni hukalia mahali ambapo estrojeni hupokewa ubongoni, na ubongo, usipoiona estrojeni, hufanya kama mwenye duka aliyeambiwa kwamba ghala ni tupu, akaagiza shehena mpya kwa haraka: hipothalamasi huongeza mapigo, pituitari huongeza homoni ya kukuza vijifuko, na kijifuko kilichokuwa kimekwama hupata msukumo wa kufika mwisho. Kutokana na hayo yafahamika pia kwa nini dawa hii haimfai yule aliyekonda mno hata mwili wake hauna estrojeni, kwa maana huyo hana cha kufichwa. Yeye huhitaji chakula, mapumziko, na pengine sindano za homoni.

Kwa wenye PCOS, dawa iliyotangulizwa siku hizi ni nyingine. Letrozoli ilianza kama dawa ya saratani ya matiti, ikizuia mwili usitengeneze estrojeni, na mwaka 2001 Mohamed Mitwally na Robert Casper wa Toronto walieleza kwamba ikimezwa kwa siku chache hupevusha yai. Upungufu wa estrojeni kwa siku hizo huuamsha ubongo vilevile, na dawa ikiisha kutoka mwilini estrojeni hurejea kuujenga ukuta wa kizazi. Mwaka 2014 yalitangazwa Marekani matokeo ya kuzilinganisha dawa hizo mbili kwa wanawake 750 wenye PCOS: waliopata mtoto hai walikuwa 27.5 katika kila 100 kwa letrozoli, na 19.1 kwa klomifeni. Msomaji aitazame hesabu hiyo mara mbili, maana ina habari mbili. Kwamba dawa moja imeizidi nyingine, na kwamba katika miezi ya majaribio yale, hata kwa dawa iliyo bora, walio wengi hawakurudi nyumbani na mtoto. Anayeuziwa vidonge dukani kwa ahadi ya hakika ameuziwa ahadi zaidi ya dawa.

Matumizi yenyewe ni mepesi kuyaeleza. Mwanamke aliyeona damu, au aliyeletewa damu kwa vidonge vya projestojeni, yaani vya jamii ya projesteroni, baada ya kuyakinisha kwamba hana mimba, humeza dawa kwa siku 5, akianza kati ya siku ya 2 na ya 5. Klomifeni huanzwa kwa miligramu 50 kwa siku, letrozoli kwa miligramu 2.5 au 5, na kipimo huongezwa mwezi unaofuata iwapo yai halikutoka. Yai hutarajiwa kutoka baina ya siku ya 5 na ya 10 baada ya kidonge cha mwisho, na katika siku hizo mke na mume hukutana kwa kuruka siku moja moja. Yapata siku ya 12 altrasaundi huonyesha kama kijifuko kimekua na kama ni kimoja au ni vinne. Na wiki moja kabla ya hedhi inayotarajiwa kipimo cha projesteroni katika damu huthibitisha kama yai lilitoka. Wengi huona joto la ghafula usoni, kichwa kuuma, au maumivu ya tumbo la chini. Anayeona macho yanafanya kiwi au vimulimuli huacha klomifeni mara moja na kurudi kwa tabibu. Fauka ya hayo, vidonge vya foliki asidi huanza kumezwa kabla ya mimba.

Mepesi kuyaeleza, nimesema. Kuyatimiza ukiwa Kiongoroni, ndani ya delta, ni jambo jingine. Zamani Kibiti ilipokuwa ndani ya wilaya ya Rufiji, hospitali ya wilaya ilikuwa Utete, ng'ambo ya mto, na kabla ya kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa mwaka 2003 mto huo ulivukwa kwa kivuko. Sasa Kibiti ni wilaya yenyewe, na hospitali ya misheni ya Mchukwi haiko mbali na barabara ya Kilwa, lakini mwanamke wa deltani bado hungoja maji, akapanda mashua hadi Nyamisati, akapanda gari hadi Bungu na kusonga mbele, na kipimo cha siku ya 12 hakimngoji yeye na maji yake. Wengi huishia kununua vidonge bila cheti, wakavimeza mwezi baada ya mwezi bila mtu kutazama kama yai limetoka au vijifuko vimekuwa vingi mno. Asiyeweza kufika kila mwezi afike mwezi wa kwanza na kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa, na katikati yake autumie ute wa mwili wake mwenyewe: siku za yai ute huwa mwingi, angavu na wenye kuvutika kama ute wa yai la kuku, na yai likiisha kutoka hukauka au kuwa mzito. Kungwi aliyemfunda mwali mambo ya unyumba angeweza kumfunda na hili, wala hapana haya ndani yake.

Nalisema la vijifuko vingi kwa sababu ya mapacha. Katika mimba za klomifeni, kati ya 5 na 8 katika kila 100 huwa za mapacha, zaidi kuliko ilivyo kwa maumbile, na mapacha aghalabu hutangulia kuzaliwa kabla ya wakati, mama yao akiwa katika hatari zaidi ya kifafa cha mimba na kutokwa na damu. Mjini hayo yana mkono wa msaada karibu. Kijijini ambako mashua haiondoki mpaka maji yajae, mimba iliyotafutwa kwa dawa yapasa ipigwe altrasaundi mapema, katika wiki ya 6 hadi ya 8, na wakionekana mapacha, mama ahamie kwa ndugu zake Bungu au Kibiti miezi miwili kabla ya siku zake, asingoje uchungu umkute deltani.

Vidonge vikishindwa, huja sindano za homoni zenyewe za kukuza vijifuko, na historia ya sindano hizo ni ya ajabu kiasi kwamba siwezi kuipita. Mwanamke aliyekoma hedhi ovari zake hazisikii tena, na pituitari, isiyojua kuchoka, huzidi kumwaga homoni, nayo hutoka katika mkojo kwa wingi. Mwaka 1949 Piero Donini, mkemia wa kampuni ya Serono ya Italia, aliitoa homoni hiyo katika mkojo wa akina mama wa umri huo. Baadaye Bruno Lunenfeld, tabibu aliyekuwa akitafuta mkojo mwingi usio na mashaka ya mimba ndani yake, alisaidiwa na Giulio Pacelli, mtoto wa ndugu yake Papa Pius wa Kumi na Mbili, na watawa wazee wa Kikatoliki katika nyumba zao wakaanza kuwekewa mapipa, mkojo ukikusanywa kwa magari hadi kiwandani. Mtoto wa kwanza kwa dawa hiyo alizaliwa Israeli mwaka 1962. Basi mabikira wazee waliokula kiapo cha useja waliwazalisha wasiowajua. Siku hizi sehemu kubwa ya homoni hizo hutengenezwa maabara, bei yake ni ghali, na haziruhusiwi kuchomwa pasipo altrasaundi ya mara kwa mara, kwa kuwa huweza kuamsha vijifuko kumi kwa mkupuo, tumbo likajaa maji na damu ikaganda. Hiyo ni kazi ya hospitali kubwa za Dar es Salaam, na mtu yeyote wa Kibiti anayeahidi kuichoma chumbani kwake akimbiwe.

Metfomini, dawa ya kisukari, huongezwa kwa baadhi ya wenye PCOS ili insulini ifanye kazi yake. Haina nguvu kama letrozoli ikiwa peke yake. Pia wapo wanaotobolewa ovari matundu machache kwa moto wa umeme, kwa njia ya matundu madogo tumboni, kama alivyoanza kufanya Halvard Gjönnaess huko Norwe na kutangaza mwaka 1984, na kwa baadhi yao yai hurejea. Kwa kawaida vidonge havipitishwi miezi 6 ya yai kutoka bila mimba kabla ya kusimama na kuchunguza upya mirija, manii na umri, na anayeendelea mwezi wa 7 na wa 20 kwa dawa ileile anapoteza fedha za korosho zake.

Na mwenye PCOS aliyefanikiwa asidhani kwamba maradhi yamekwenda na kondo la nyuma. Baada ya kuachisha mtoto ziwa mzunguko wake aghalabu hurudi ulivyokuwa, na ukuta wa kizazi usioshuka kwa miezi mingi huweza kuota vibaya kadiri miaka inavyopita, hata kufikia saratani. Kwa hiyo matabibu hutaka apate damu walau mara 4 kwa mwaka, kwa vidonge vya projestojeni au vya uzazi wa mpango ikiwa hatafuti mimba nyingine, na apimwe sukari kila mwaka mmoja hadi mitatu pamoja na shinikizo la damu, vipimo ambavyo havimlazimu kufika Dar es Salaam.